Nyumba Huanza kwa Mti: Somo la Mbao, Paa na Upepo kwa Anayejenga Busia

Mtu akiamua kujenga, jambo la kwanza analofanya ni kuchora vyumba. Sebule hapa, vyumba vitatu vya kulala kule, jikoni nyuma upande wa shamba. Familia inakubaliana, msingi unachimbwa, kuta zinapanda hadi juu ya madirisha. Ndipo fundi wa paa anaitwa. Anazunguka nyumba mara mbili akiwa na futi mkononi, kisha anasema: "Sebule hii ni pana. Mbao za kawaida hazitafika."

Kufikia hapo ukuta hausogei tena. Mwenye nyumba anabaki na njia mbili: kununua mbao kubwa ambazo hakuzitengea pesa, au kumruhusu fundi aunge mbao fupi kwa misumari minne katikati ya chumba. Wengi huchukua njia ya pili. Paa linasimama, mabati yanang'aa, watu wanahamia. Kisha jioni moja ya Aprili upepo unatangulia mvua, na asubuhi majirani wanaokota mabati kwenye shamba la muhogo. Hakuna masika yanayopita huku magharibi mwa Kenya bila habari ya nyumba au darasa lililong'olewa paa, na mara nyingi tunasema ni upepo tu. Upepo una sehemu yake. Sehemu nyingine iliamuliwa siku ile ya kuchora, kwa kuwa hakuna aliyeuliza mbao inaweza kufika wapi.

Somo hili linageuza mpangilio huo. Kwanza mbao, kisha paa, kisha vyumba.

Chumba chenye upana wa boriti

Wazo hili si geni. Twende kwanza pwani, mahali ambapo mti uliamuru upana wa chumba kwa karne nyingi. Nyumba za mawe za mji wa kale wa Lamu, ambao UNESCO iliuweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, zina vyumba virefu na vyembamba. Mgeni akiingia hudhani wenyewe walipenda vyumba vya namna hiyo. Sababu iko juu ya kichwa chake. Dari na sakafu ya juu vimebebwa na boriti za mikoko, na juu ya boriti kuna mawe ya matumbawe na chokaa, mzigo mzito sana. Boriti ya mkoko iliyonyooka na yenye nguvu ya kubeba mzigo huo haivuki nafasi ya zaidi ya mita 3 hivi. Basi upana wa chumba ukawa huo. Tajiri alipotaka nyumba kubwa hakupanua chumba. Alikirefusha, au akaongeza kingine nyuma yake, sambamba na cha kwanza.

Watu wa pwani hata majina waliyapanga kwa unene wa mti: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Anayetaja jina ametaja na kazi. Na majahazi yalipobeba miti hiyo hadi Oman, Bahrain na Kuwait, ambako miti ya kujengea ni haba, yalibeba na kipimo cha chumba. Nyumba za zamani za huko nazo zilikuwa na vyumba vyembamba, kwa sababu boriti zilitoka kwenye mikoko ile ile ya Afrika Mashariki.

Mfano wa pili uko karibu zaidi nasi, huko Kampala, mji ambao malori yetu ya Busia na Malaba huuendea. Pale Kasubi kuna makaburi ya Makabaka wa Buganda. Nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, ni ya mviringo, imeezekwa kwa nyasi, na upana wake wa nje ni kama mita 31. Ilijengwa mwaka 1882, ikaungua Machi 2010, na ikajengwa upya. Hakuna mti wa kuvuka mita 31. Wajenzi walijibu kwa kuweka nguzo nyingi ndani, zikasimama kama msitu. Kwa hiyo mtu anayeingia humo haoni ukumbi mtupu. Anaona nguzo, na giza, na pazia la magome. Heshima ya mahali pale inatokana kwa sehemu na mbao ambayo haikuweza kufika mbali.

Kutoka msonge hadi mabati

Turudi nyumbani. Nyumba ya msonge ambayo babu zetu walijenga, iwe kwa Wateso wa Amagoro au kwa Wasamia wa Funyula, ilikuwa na hesabu yake. Nyasi hazivumilii mteremko wa kulala. Maji yakikaa juu yake, zinaoza. Zinahitaji paa linalopanda kama mita 1 kwa kila mita 1 ya kwenda ndani. Nyumba ya upana wa mita 6 basi inataka paa la kimo cha mita 3 juu ya ukuta, na ukitaka upana wa mita 10, paa lipande mita 5. Miti ya kufika huko ni mirefu, mizito na migumu kuipata. Hivyo mtu alijenga misonge kadhaa midogo badala ya mmoja mkubwa: ya mama, ya wavulana, ya jikoni. Tunazoea kueleza mpangilio huo wa boma kwa mila peke yake. Mila ipo, lakini urefu wa mti pia ulikuwepo kwenye kikao.

Umbo la duara lilikuwa na faida nyingine. Upepo ukilipiga paa la pia huteleza pande zote. Hakuna ukuta mpana wa kuusimamisha, hakuna pembe ya kushika na kung'oa.

Kisha yakaja mabati. Bati huruhusu mteremko mdogo: ukipanda sentimita 30 kwa kila mita 1, maji yanakwenda. Ila bati ni la mstatili, na halikubali kukatwakatwa kuwa pia bila hasara kubwa. Nyumba ikafuata bati. Ikawa na pembe nne, ikawa ndefu, paa likashuka. Tulipata nafasi zaidi ya kuishi na tukaacha kukata nyasi kila baada ya miaka michache. Tulichopoteza ni lile umbo lililojua kukwepa upepo, na wengi hatukuweka kitu badala yake.

Jaribio la rula

Chukua rula ya plastiki ya mtoto. Iweke juu ya vitabu viwili, imelala, kisha uibonyeze katikati kwa kidole. Inapinda mara moja. Sasa isimamishe kwa ubavu wake mwembamba uibonyeze tena. Haipindi. Plastiki ni ile ile na uzito ni ule ule. Kilichobadilika ni kimo cha kile kinachobeba.

Mbao ya 4x2 hufanya vivyo hivyo. Ikisimama kwa ubavu, inchi 4 zikiwa wima, nguvu yake ni mara 2 ya ile iliyolazwa, na ugumu wake wa kutopinda ni mara 4. Kimo kikiongezeka maradufu kwa unene ule ule, yaani kutoka 4x2 hadi 8x2, nguvu inakuwa mara 4 na ugumu mara 8. Kwa upande wa pili, ukiongeza upana wa chumba maradufu, mbao ile ile chini ya mzigo ule ule kwa kila futi hupinda mara 16. Hapo ndipo sebule ya mita 5 inapomshinda mtu aliyezoea chumba cha mita 2 na nusu. Anadhani ameongeza mara 2. Mbao inahesabu 16.

Kuna kosa ambalo hata mafundi wazuri hulifanya: kulaza mbao mbili moja juu ya nyingine na kuzipigilia misumari michache, wakiamini zimekuwa mbao moja nene. Hazijawa. Zikipinda, moja huteleza juu ya nyingine, na nguvu yake inakuwa ya mbao mbili za kawaida tu. Ili ziwe moja lazima zigandishwe kwa gundi maalumu kiwandani. Hivyo ndivyo nchi nyingine zinavyojenga maghorofa ya mbao siku hizi. Lile la Mjøstårnet kule Norway, lililokamilika mwaka 2019, lina urefu wa zaidi ya mita 85. Mbao za namna hiyo huzipati kwenye yadi zetu za mpakani, kwa hiyo tunahitaji njia nyingine ya kuvuka chumba kipana.

Njia hiyo ni kenchi, yale mapembetatu ya mbao tunayoyaona juu ya nyumba kabla ya mabati kupigiliwa. Siri yake ni pembetatu yenyewe. Piga misumari fremu ya pembe nne kisha uisukume kona; inalala upande. Piga ya pembe tatu. Haiendi popote mpaka mbao ivunjike au kiungo kiachie. Katika kenchi, mbao mbili za juu zinasukumwa na mzigo, na ile ya chini inavutwa, kama kamba inayozuia miguu ya ngazi isipanuke. Ndiyo maana ile ya chini haifai kuondolewa. Kuna wanaoikata baadaye ili kupata dari ya juu yenye umbo la kupendeza. Miguu ya kenchi huanza kusukuma kuta nje polepole, na ufa unaotokea juu ya dirisha unapakwa rangi kila Krismasi.

Tuchukue mfano. Mwalimu wa Amukura anataka nyumba ya upana wa mita 6. Mita 6 ni futi 20 kasoro kidogo. Akipita yadi kadhaa ataona kwamba mbao zilizonyooka za urefu huo si nyingi, na zilizopo bei yake ni nyingine. Kwa hiyo mbao ya chini ya kenchi itaungwa. Swali ni wapi. Akiwa amechora ukuta wa ndani unaopita karibu na katikati ya nyumba, kutoka mwanzo hadi mwisho, kenchi zote zitapata mahali pa kupumzikia na kiungo kitakuwa juu ya ukuta huo. Sebule itakuwa upande mmoja, vyumba upande wa pili. Akitaka sebule ichukue upana wote wa mita 6, inawezekana pia, lakini hapo kenchi lazima ipigiwe hesabu na mtu anayejua, kiungo kifungwe kwa vipande vya mbao pande zote mbili, na gharama ijulikane kabla ya msingi. Mstari mmoja wa ukuta kwenye karatasi ndio tofauti kati ya hizo mbili.

Kazi ya paa ni kubaki chini

Watu wengi wanafikiri hatari ya paa ni kuanguka. Kwa paa la mabati hatari kubwa ni kuruka. Fuata hesabu hii.

Bati la geji 30 lina uzito wa chini ya kilo 3 kwa mita ya mraba. (Kumbuka kwamba namba ya geji ikipanda bati linakuwa jembamba zaidi, la 32 ni jembamba kuliko la 30, hata kama muuzaji anaitaja namba kubwa kwa sauti kubwa.) Mbao zinaongeza labda kilo 10. Upepo wa kilomita 90 kwa saa unabeba msukumo wa karibu kilo 38 kwa kila mita ya mraba, na unapopita juu ya paa lenye mteremko mdogo haulisukumi chini. Unalivuta juu, tuseme kwa kilo 30. Toa uzito wa paa, kilo 13, zinabaki kilo 17 za kuvuta kila mita. Paa la mita za mraba 60 basi linavutwa juu kwa nguvu ya karibu tani moja, uzito wa Probox tupu. Kwenye kingo na pembe mvuto huzidi, hata mara mbili. Ndiyo maana bati la pembeni hutangulia, na likishatoka upepo unaingia ndani na kusukuma yaliyobaki kutoka chini.

Nini kinashikilia hiyo Probox isipae? Fuata mnyororo kutoka juu. Msumari wa bati unashika palini, zile mbao za kulaza. Palini inashikwa na kenchi. Kenchi inashikwa na wolpleti, mbao inayolala juu ya ukuta. Wolpleti inashikwa na ukuta. Pete moja ikiwa dhaifu, uimara wa nyingine zote haukusaidii. Na pete dhaifu karibu kila mara ni ile ya mwisho. Wolpleti huwekwa juu ya tofali la mwisho na kushikizwa kwa msumari, au kwa waya uliofungwa kwenye mstari mmoja wa matofali. Upepo ukivuta, paa linaondoka na wolpleti yake, na tofali zake juu.

Dawa yake ni ya bei ndogo ikifanywa kwa wakati. Vipande vya hupu aini au vyuma vyembamba vilazwe ndani ya zege la ringi bimu kabla halijamwagwa, ncha zikiachwa juu, kisha zizungushwe kwenye wolpleti na kila kenchi ifungwe kwayo. Kama hakuna ringi bimu, vyuma vishuke ndani ya ukuta hadi usawa wa linta, ili uzito wa ukuta wenyewe uwe nanga. Jambo hili haliwezi kufanywa vizuri baadaye. Ni lazima liwe kwenye mchoro.

Kwa nyumba ya udongo mnyororo ni mfupi zaidi. Nguzo inatoka ardhini hadi wolpleti, na ardhi ndiyo nanga. Nguzo za lusiola, ule mti ambao Wajaluo huuita siala, zilipendwa kwa kazi hiyo kwa kuwa mchwa hawauli kwa urahisi. Siku hizi wengi wanachimbia mkaratusi mbichi. Mchwa huula pale unapogusana na udongo, mahali ambapo macho hayafiki, na nguzo inabaki imesimama ukutani ikionekana nzima. Basi paa limefungwa kwenye nguzo, na nguzo haijafungwa popote.

Umbo nalo lina sauti. Paa la pande nne linastahimili upepo kuliko la pande mbili lenye kuta za pembetatu mwishoni, kwa sababu halina uso wima wa kupigwa. Paa linalopanda kati ya sentimita 35 na 55 kwa kila mita 1 huvutwa kidogo kuliko lililolala karibu bapa. Ukingo unaotoka nje ya ukuta ni suala la kupimana: ukiwa mrefu unakinga ukuta wa udongo na mvua, lakini unaupa upepo mahali pa kushika kutoka chini. Kwa maoni yetu futi 2 zinatosha kwa nyumba nyingi. Anayetaka baraza pana ajenge baraza lenye nguzo zake, zilizofungwa kwenye msingi, na paa lake litenganishwe na la nyumba, ili likiondoka liondoke peke yake.

Maji, joto na umeme wa jua

Paa la leo halikingi mvua tu. Tunataka livune maji, libebe umeme wa jua na lisituchome mchana. Kila moja ya haja hizo inarudi kwenye mbao na umbo.

Milimita 1 ya mvua kwenye paa lenye kivuli cha mita za mraba 60 ni lita 60. Mvua moja nzuri ya milimita 20 inatoa lita 1,200, zaidi ya tangi la 1,000 kujaa. Kwa anayetembea kilomita kutafuta maji Januari hilo si jambo dogo. Lakini paa la pande nne, lile tulilolisifu kwa upepo, linahitaji mifereji pande zote nne na viungo kwenye kila kona, na kona ndizo huvuja. Paa la pande mbili linahitaji mifereji miwili iliyonyooka. Ni lazima uchague. Nyumba iliyo peke yake kwenye uwanda wazi, kama kule Budalangi, tungeipa pande nne na kulipia mifereji. Iliyozungukwa na miti na nyumba nyingine mjini inaweza kuvumilia pande mbili, ikiwa zile kuta za mwisho zimefungwa vizuri. Vyovyote vile, mfereji hushikwa na mbao ya ukingo, fashia, na mbao hiyo ikijipinda maji humwagika katikati ya ukuta badala ya kwenda tangini.

Tangi lenyewe usilipandishe juu ya kenchi. Lita 1,000 ni tani moja, na kenchi ya mabati haikuhesabiwa kwa tani. Mnara wa mbao unafaa kwa tangi dogo ukiwa na mbao za mshazari pande zote, pembetatu tena.

Paneli moja kubwa ya sola ina uzito wa kama kilo 20. Paa linauweza. Tatizo ni kwamba ikiinuliwa juu ya bati inakuwa bawa. Ipigiliwe mahali kenchi ilipo, isipigiliwe kwenye bati peke yake, na fundi wa sola aonyeshwe kenchi zimekaa wapi. Tia alama ya rangi ukutani kabla dari haijafungwa. Baada ya hapo kila mtu hubahatisha.

Kuhusu joto, dari na matundu ya hewa husaidia. Paa la pande mbili lina kuta za mwisho ambako matundu huwekwa juu kabisa, hewa ya moto itoke. La pande nne halina, hivyo matundu yawe chini ya ukingo, yenye wavu wa kuzuia popo.

Kwenye yadi ya mbao

Kaunti yetu iko mahali ambapo mbao za nchi kadhaa hukutana. Saipresi hutoka nyanda za juu za Kenya, baadhi ya paini na mkaratusi Uganda, na mkangazi na mvule huvuka Busia na Malaba zikitoka hadi misitu ya mashariki mwa Kongo. Mwezi Februari 2018 serikali ya kitaifa ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, na marufuku hayo yalidumu zaidi ya miaka mitano. Wajenzi wengi waliozoea saipresi waligeukia mkaratusi, mbao za kutoka nje ya nchi, au chuma. Tabia hizo zimebaki, ila michoro haikubadilika kuzifuata. Kenchi iliyochorwa kwa saipresi kavu inajengwa kwa mkaratusi uliopasuliwa wiki iliyopita.

Mbao mbichi hupungua ikikauka. Msumari uliokuwa umebanwa unalegea, kiungo kinafunguka, mbao inajipinda. Mkaratusi ni msumbufu hasa: hupasuka kwenye ncha na kujisokota, na msumari bila kutobolewa kwanza huupasua. Mtu anaweza kuutumia, lakini aununue miezi kadhaa mapema, aupange juu ya mawe chini ya kivuli, akitenganisha kila safu kwa vijiti ili hewa ipite, na apake ncha rangi ya mafuta ili zisikauke haraka kuliko katikati. Kujua kama umekauka hakuhitaji mashine. Kata kipande cha futi 1, kipime kwenye mizani ya duka, ukiweke pale pale penye rundo, ukipime tena baada ya wiki. Ikiwa uzito bado unashuka, subiri.

Mvule na mkangazi ni vya milango, fremu na madirisha. Kuvitia ndani ya dari, mahali pasipoonekana, ni kuharibu mti uliokua kwa miaka mingi. Na mbao yoyote unayonunua, omba risiti, na uulize karatasi za asili yake: mbao za humu nchini husafirishwa kwa kibali cha Huduma ya Misitu ya Kenya, na zinazoingia kutoka nje hukaguliwa na KEPHIS. Bila karatasi, anayekamatwa nazo barabarani anaweza kuwa ni wewe.

Kupaka mafuta machafu ya gari ni desturi ya wengi. Yanabaki juu juu ya mbao, yanachafua udongo, na yanashika moto. Mbao inayogusa ardhi au kunyeshewa inataka dawa iliyosukumwa ndani kiwandani, na njia bora kuliko zote ni kutoiacha iguse ardhi: iweke juu ya kisiki cha zege. Vile vipande vya rangi ya kijani kibichi vinavyobaki baada ya kukata nguzo zilizotibiwa visipelekwe jikoni. Nyingi za dawa hizo zina aseniki. Moshi wake na majivu yake ni sumu kwa mpishi na kwa watoto wanaoota moto.

Kabla ya msingi

Kwa mujibu wa Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, anayejenga anahitaji idhini ya kaunti, na kaunti inatakiwa kumjibu ndani ya siku 60. Kanuni mpya ya ujenzi ya kitaifa ya mwaka 2024 nayo imechukua nafasi ya amri ya mwaka 1968. Tunaomba mchoro unaoletwa usiishie kwenye vyumba. Uonyeshe kenchi zimekaa wapi na zinapumzika juu ya ukuta gani, mbao ni ya aina na kipimo gani, na wolpleti imefungwa vipi kwenye ukuta. Karatasi moja zaidi inatosha. Kwa darasa, kanisa au ukumbi, ambako watu wengi hukaa chini ya upana mkubwa, hesabu ya kenchi iwe ya mhandisi aliyesajiliwa, hata kama fundi ana uzoefu wa miaka 30.

Na ikiwa nyumba yako imekwisha kujengwa, subiri kiangazi cha kwanza kipite. Panda darini na tochi, ukanyage kenchi na si dari, uangalie kila kiungo. Misumari iliyotoka kidogo ipigiliwe au ibadilishwe kwa mirefu zaidi, vyuma vilivyolegea vikazwe, na kenchi ambazo hazikufungwa zifungwe moja baada ya nyingine, ukianza na zile nne za pembeni. Kazi hiyo ni ya siku moja, na wakati wake ni Februari, kabla ya masika.